Mashine au Mwalimu? Maoni Yangu Juu ya Fedha za Wodi ya Watoto



Ndugu wasomaji, ninyi mnaofuatilia kurasa za jarida hili mnafahamu kwamba tangu mwezi wa Ramadhani uliopita jumuiya yetu imekuwa ikikusanya fedha kwa ajili ya wodi ya watoto ya hospitali moja ya nyumbani. Fedha zimepatikana, alhamdulillahi, na sasa umezuka mjadala juu ya matumizi yake. Walio wengi wanapendelea tununue inkubeta mbili, yaani yale masanduku ya kioo ya kuwatunzia watoto njiti, na kila moja ipachikwe kibao chenye jina la marehemu aliyetolewa sadaka. Wachache, nami nikiwa miongoni mwao, tunaona fedha hizo zitumike kuwafundisha wauguzi na matabibu wa wodi ile namna ya kumpokea na kumhudumia mtoto mgonjwa. Mhariri ameniomba nieleze hoja yangu kwa maandishi, maana kikaoni muda haukutosha na, kusema kweli, sauti za wanaume zilikuwa juu.

Nimefanya kazi ya uuguzi wa watoto hapa Uingereza kwa miaka 23. Kabla ya hapo nilikuwa muuguzi mkunga katika zahanati ya kijiji mkoani Tanga. Niseme mapema pia kwamba binti wa kaka yangu ni muuguzi katika wodi hiyo tunayoizungumzia, asije mtu akadhani kwamba ninaficha jambo.

Sisi tulioko ughaibuni tukisikia maneno "matibabu ya watoto", fikra hutupeleka kwa daktari bingwa, chumba cheupe na mashine zenye taa. Nyumbani, mtoto mwenye homa aghalabu hukutana kwanza na tabibu au muuguzi aliye peke yake zahanatini, ilhali foleni ya kina mama imeshafika chini ya mwembe. Mtu huyo, kwa dakika chache alizonazo, ndiye atakayeamua kama mtoto arejee nyumbani na dawa, au apakiwe katika gari lolote litakalopatikana akimbizwe hospitali. Bingwa atamwona mtoto ikiwa tu huyu wa mlangoni amemtambua. Mtoto naye hasemi panapomuuma, na hali yake hubadilika upesi. Asubuhi alikuwa akicheza, adhuhuri yu taabani.

Kwa ajili ya mtu huyo wa mlangoni, Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF walitunga, katika miaka ya 1990, utaratibu wa kumtazama mtoto mgonjwa kwa ujumla wake badala ya kuuandama ugonjwa mmoja mmoja. Tanzania na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuupokea. Mafunzo yake yalikuwa ya siku 11, na kila siku sehemu ya muda ilitumika mbele ya watoto wagonjwa wenyewe, si mbele ya ubao tu. Mimi niliyapata mwaka mmoja kabla sijaondoka nchini, na mpaka leo nikiingia wodini hapa mambo yale ndiyo ninayoyatazama kwanza. Je, mtoto anaweza kunyonya au kunywa? Anatapika kila anachopewa? Amepata degedege? Amelegea au amepoteza fahamu? Likijibiwa moja tu kwa namna ya kutisha, maswali mengine husubiri, mtoto hashushwi tena katika foleni.

Kisha huja kuhesabu pumzi. Asiyefundishwa huona kwamba hiyo ni kazi ya kitoto, lakini mimi nasema ni miongoni mwa kazi ngumu za uuguzi. Mtoto awe ametulia, nguo ifunuliwe, na muuguzi akae na saa yake akitazama tumbo na kifua kwa dakika nzima, bila kukata njiani na kuzidisha kwa mbili. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifikisha pumzi 60 au zaidi, hiyo ni haraka kupita kiasi. Wa miezi miwili hadi mwaka, 50. Wa mwaka mmoja hadi mitano, 40. Kifua kikibonyea kwa ndani anapovuta pumzi, jambo ni zito zaidi. Nimonia hutambuliwa hivyo mahali pasipo na picha ya eksirei wala maabara. Lakini dakika moja ni ndefu mno pale kina mama arubaini wanapokutazama, na ndiyo maana ni lazima mtu afundishwe, asimamiwe, mpaka asione haya kuwaweka watu hao wakisubiri.

Je, mafunzo hayo yalileta tofauti? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulizilinganisha wilaya za Morogoro Vijijini na Rufiji, ambako watumishi walikuwa wamefundishwa utaratibu huo, na wilaya jirani za Kilombero na Ulanga, ambako ulikuwa haujafika. Katika kipindi cha miaka miwili vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 katika wilaya zilizofundishwa, na gharama za matibabu hazikuzidi zile za wilaya nyingine. Asilimia 13 haipigiwi vigelegele, najua. Lakini hakuna jengo jipya lililojengwa kwa ajili yake.

Nimetaja degedege, na hapa naomba wasomaji wanivumilie nirefushe. Bibi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliamini kama wengi wa rika lake kwamba degedege huletwa na ndege wa usiku anayempitia mtoto, na kwamba mtoto aliyekwisha kupatwa akidungwa sindano atakufa. Imani hiyo ilikuwa imeenea pwani nzima, na kwa sababu yake watoto waliokuwa na malaria kali walipelekwa kwanza kwa mganga wa kienyeji, na hospitali wakafika jioni ya siku ya pili, wakati damu imekwisha na sukari ya mwilini imeshuka. Muuguzi asiyefundishwa humkemea mama: "Umemchelewesha mwanao kwa ushirikina!" Mama hukaa kimya, na safari ijayo haji kabisa. Muuguzi aliyefundishwa vizuri hulitumia neno lilelile la mama. Huuliza, "Mwanangu, degedege limemshika mara ngapi? Lilianza lini?" Humlaza mtoto ubavu, hamtii kijiko wala kidole mdomoni, humpa dawa ya kutuliza mshtuko na kumpima malaria na sukari. Mambo ya ndege huyaacha mpaka mtoto aamke.

Jambo hili linatuhusu hata sisi huku. Miaka michache iliyopita mama mmoja wa kwetu alimleta mwanawe katika wodi moja ya mji huu, akaeleza kwa heshima, kama wazee wanavyoeleza, kwamba "mtoto kapitiwa na ndege". Mkalimani wa simuni akatafsiri neno kwa neno, na daktari kijana akaanza kuuliza kama nyumbani wanafuga kuku au njiwa. Nilikuwa karibu, tukacheka baadaye, lakini wakati ule mtoto alikuwa ameshashikwa mara mbili.

Sasa nifike kwenye kiini cha hoja yangu, maana kuna ndugu aliyesema kikaoni kwamba mafunzo ni maneno matupu: watu huitwa hotelini, hupewa posho na cheti, wakirudi kazini mambo ni yaleyale. Ndugu huyo hakukosea. Ushahidi anaouhitaji umo katika hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu. Mwaka 2010 wakunga na watumishi wa hapo walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Kwa mafunzo hayo hutumika mwanasesere wa plastiki, ambaye mwalimu humfanya apumue, alie au anyamaze kwa kubonyeza vifuko vya hewa. Mkunga hufundishwa kumkausha mtoto, kumsugua mgongo, kusafisha njia ya hewa inapobidi, na kama bado hapumui, kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika ya kwanza ya maisha yake haijamalizika. Walimu huiita dakika ya dhahabu.

Wale waliofundishwa walipopimwa tena baada ya miezi kadhaa, mbele ya mwanasesere walifanya vizuri zaidi kuliko mwanzo. Lakini chumbani kwa wazazi, mbele ya watoto wa kweli, utendaji haukubadilika. Mkono ulikuwa umejifunza darasani na kubaki darasani.

Wenyeji wa Haydom hawakuificha habari hiyo. Waliitangaza, kisha wakabadili namna ya kufundisha. Badala ya siku moja kubwa kwa mwaka, mwanasesere aliwekwa palepale wanapozalisha, na watumishi wakawa wanajizoeza kwa dakika chache tu, mara kwa mara, katikati ya kazi zao, wakisimamiwa na wenzao wa hapohapo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 za kwanza vilikuwa vimeshuka kutoka 11.1 hadi 7.2 katika kila watoto 1,000 waliozaliwa. Watu ni walewale na vifaa ni vilevile. Tofauti ni kwamba elimu haikuachwa ipoe.

Kenya nayo ilipata funzo la namna hiyo katika hospitali nane za wilaya. Zote zilipewa miongozo ya kutibu watoto, lakini nne kati yake ziliongezewa mafunzo kamili, ziara za usimamizi na mtu wa hapohapo wa kuwakumbusha wenzake. Taarifa ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba huduma ziliboreka kote, ila katika hizo nne ziliboreka zaidi. Na Blantyre, Malawi, katika hospitali kuu ya Queen Elizabeth, walipopanga upya mapokezi ya watoto na kuwafundisha watumishi kumchagua mahututi kutoka foleni na kumwanza yeye, vifo vya watoto waliolazwa vilishuka kutoka kati ya asilimia 10 na 18 hadi kati ya 6 na 8.

Nirejee kwenye inkubeta. Sizichukii, kila siku kazini nafungua na kufunga milango yake. Lakini inkubeta inataka umeme usiokatika, fundi, vipuri, maji safi, na muuguzi anayejua kwamba mtoto anaweza kuungua au kupoa humo ndani. Mwaka 2011 ulichapishwa uchunguzi wa hesabu za vifaa vya hospitali katika nchi 16 zenye kipato kidogo, ukaonyesha kwamba karibu asilimia 40 ya vifaa havikuwa vikifanya kazi. Nilipokwenda likizo nilionyeshwa stoo ya hospitali moja, sitaitaja, ambamo mashine za msaada zimepangwa kama samani za nyumba ya urithi yenye kesi. Mojawapo ilikuwa bado na kibao cha shaba, na jina limesuguliwa likang'aa, kwa kuwa mfagizi hulipangusa kila Ijumaa.

Halafu kuna habari ambayo wengi wetu hatujaisikia. Kuanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, madaktari walianza kuwaweka watoto njiti kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wamefungwa kwa kitambaa kama anavyobeba kangaruu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba hiyo ni njia ya kuendeleza tu, baada ya mtoto kutengemaa. Lakini uchunguzi wa hospitali tano, za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba watoto wadogo mno waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri watengemae, walikufa kwa uchache zaidi: asilimia 12.0, wakilinganishwa na asilimia 15.7 ya wale waliotunzwa kwa desturi ya kawaida. Njia hii haitaki kioo wala jenereta. Inataka kanga mbili, kitanda cha mama ndani ya wodi ya wachanga, na muuguzi aliyefundishwa kumlisha mtoto kwa mrija, kumpima joto, na kumruhusu mama aingie mahali ambapo zamani alizuiliwa mlangoni.

Sipingi kila mashine. Vipimo vya oksijeni vinavyobanwa kidoleni na mitungi ya oksijeni ni vitu vya lazima, na kama zitabaki fedha ningependa zielekezwe huko.

Jambo jingine ambalo sikupata nafasi ya kulisema: nani atafundisha? Baadhi ya vijana wetu waliohitimu udaktari hapa wamejitolea kwenda, Mungu awalipe kheri. Waende, lakini waende na masikio. Hapa huwafundisha kwamba mtoto mwenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu amiminiwe maji mengi ya mishipani kwa haraka. Utaratibu huo ulijaribiwa kwa watoto 3,141 katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania, mojawapo ikiwa Teule ya Muheza, si mbali na zahanati niliyoanzia kazi. Wote walitazamia kwamba maji yangeokoa. Ikawa kinyume: katika saa 48 walikufa asilimia 10.5 na 10.6 ya waliomiminiwa, na asilimia 7.3 tu ya wale ambao hawakumiminiwa. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati, na taarifa ikatolewa mwaka 2011. Haikuhusu watoto wanaoharisha, ambao maji bado ni uhai wao. Lakini tangu hapo huwa sipendi kusikia mtu akisema anakwenda "kuwapelekea utaalamu".

Na utaalamu mwingine husafiri kwa njia ya kinyume. Katika mafunzo yale ya siku 11 tulifundishwa kuutafuta upungufu wa damu katika viganja vya mtoto. Katika wodi za hapa nimemfungua viganja mtoto mweusi ambaye madaktari wanafunzi walimwona hana kasoro, kwa sababu picha za vitabu vyao zilikuwa za ngozi nyeupe. Umanjano utafutwe ndani ya jicho na kwenye ufizi. Ubuluu wa kukosa hewa, kwenye ulimi. Mwaka 2020 mwanafunzi wa udaktari wa London mzaliwa wa Zimbabwe, Malone Mukwende, akishirikiana na walimu wake wawili, alitoa kitabu cha dalili za magonjwa katika ngozi nyeusi na ya kahawia. Wazazi wenye watoto katika vyuo vya udaktari wawaulize kama wamekisoma.

Basi pendekezo langu ndilo hili. Tumlipie muuguzi mmoja wa wodi ile na mkunga mmoja wajifunze ualimu wa mambo haya, kisha tuwalipe nyongeza ndogo kwa miaka miwili ili wawazoeze wenzao kila wiki, hapohapo kazini, bila hoteli. Tununue wanasesere wawili, mifuko ya kupulizia hewa yenye barakoa za vipimo vyote vya watoto, na vitanda vya mama. Kuhusu vibao, sioni kwa nini jina la marehemu lisiandikwe juu ya mlango wa chumba cha mafunzo. Sheikh wetu alipoulizwa alijibu kwamba elimu yenye kunufaisha imehesabiwa pamoja na sadaka yenye kuendelea, na ndugu aliyetaka kibao cha marehemu mama yake ameniambia atalitafakari.

Nimemwandikia binti wa kaka yangu kumwuliza wanahitaji nini kwanza. Nilitazamia orodha ndefu. Amejibu kwa mistari minne: "Shangazi, shikamoo. Sisi tulio wazima tunakuja zamu. Mwanasesere tukipata tutamtumia. Ila kama kuna mtu anakuja kabla ya Idi, tafadhali mpe saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, kwa sababu ya wodini imesimama na tunahesabu pumzi kwa simu ya mzazi."